Maswali ya Wasomaji: Timu ya Besiboli Itashinda Mechi Ngapi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada hurejea uwanjani mwishoni mwa Machi, na kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya mechi ya kwanza, magazeti ya huko huchapisha makadirio ya timu zitakazotamba na zitakazoburuza mkia. Wasomaji wanataka kujua kama makadirio hayo yana msingi. Kwa wale ambao mchezo huu bado ni mgeni kwao, inatosha kujua kwamba ligi ina timu 30, kwamba kila moja hucheza mechi 162, kwamba hakuna sare, na kwamba timu 12 huingia katika mtoano wa Oktoba. Pointi ya besiboli nitaiita mkimbio, kwa kuwa mchezaji huipata akishapita vituo vitatu na kurudi nyumbani salama.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa takwimu. Katika soka, ukitazama msimamo wa msimu uliopita na usajili mpya, unaweza kukisia nani atachukua ubingwa. Je, watabiri wa besiboli hufanya vivyo hivyo, au wana hesabu nyingine? — Msomaji, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Wana hesabu nyingine, na hatua yake ya kwanza huwashangaza wapenzi wa soka, kwa sababu mtabiri makini wa besiboli huanza kwa kuuweka kando msimamo wa msimu uliopita. Msimamo hausemi uongo, lakini idadi ya ushindi huchanganya vitu viwili ambavyo ni vigumu kuvitenganisha kwa macho, yaani uwezo wa timu na bahati ya jinsi mikimbio yake ilivyojipanga. Timu ikishinda leo kwa 9 kwa 1, kisha ikafungwa kesho kwa 3 kwa 2, msimamo utaandika ushindi mmoja na kipigo kimoja, ilhali timu hiyo imefunga mikimbio 11 na kuruhusu 4 tu.

Bill James, mwandishi wa Kimarekani aliyeanza kuchapisha uchambuzi wake wa takwimu za besiboli mwishoni mwa miaka ya 1970, alitupa kanuni ambayo hadi leo hatujaiacha. Chukua mikimbio iliyofungwa na timu, uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa mikimbio iliyoruhusiwa. Kisha gawanya jawabu la kwanza kwa jumla ya majawabu yote mawili. Utakachopata ni sehemu ya mechi ambazo timu hiyo ilistahili kushinda. Ijaribu kwa Baltimore Orioles wa mwaka 2012, ambao baada ya misimu 14 mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, waliibuka ghafla na ushindi 93. Walifunga mikimbio 712 na kuruhusu 705. Kwa kanuni ya James, timu ya namna hiyo inastahili ushindi 82. Ushindi 11 wa ziada ulitoka katika mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja, ambazo walishinda 29 na kupoteza 9, pamoja na zile zilizokwenda ngwe za nyongeza (ngwe ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu ya kupiga, na mechi ya kawaida ina tisa), ambazo walishinda 16 na kupoteza 2. Mwaka uliofuata walishinda mechi 20 za mkimbio mmoja na kupoteza 31, na jumla yao ikateremka hadi ushindi 85. Maji yalijaa, kisha yakapwa.

Hatua hiyo inatazama nyuma, lakini timu itakayoshuka uwanjani Machi haina wachezaji walewale wa Septemba. Ndiyo maana hatua ya pili ni kumkadiria kila mchezaji peke yake. Kanuni nyepesi kuliko zote ilibuniwa na mtaalamu anayejulikana kwa jina la Tom Tango, ambaye aliiita Marcel, nami napenda kuifundisha kwa sababu mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Unachukua misimu mitatu ya mpigaji. Wa karibuni unaupa uzito wa 5, unaoutangulia uzito wa 4, na wa nyuma zaidi uzito wa 3. Tuseme mpigaji alifanikiwa kufika kituoni mara 40 katika kila zamu 100 msimu uliopita, mara 35 msimu wa kabla yake, na mara 33 msimu wa kwanza. Ukizidisha na kugawa kwa 12 unapata karibu 36.6. Hapo unamvuta kidogo kuelekea wastani wa ligi, ambao miaka hii umekuwa karibu na 31 au 32, na unabaki na takriban 36. Mwisho unatazama umri wake: aliye chini ya miaka 29 unamwongezea kidogo, aliyeuvuka unampunguzia.

Mashabiki wengi hukasirishwa na kule kumvuta mchezaji kuelekea wastani, wakiona ni kumdhulumu mtu aliyefanya kazi nzuri mbele ya macho ya watu wote. Mimi naamini kwamba hapo ndipo penye uhai wa kazi yote. Mpigaji wa kudumu hupata zamu 600 hivi kwa msimu, na zamu 600 ni chache mno kutuonyesha uwezo wake mtupu; ndani yake mna upepo, mna mpira uliopita sentimita mbili juu ya kidole cha mlinzi, mna wapinzani waliokuwa wagonjwa siku hiyo. Zipo kanuni nzito zaidi, kama PECOTA, ambayo Nate Silver aliibuni na ikaanza kuchapishwa mwaka 2003, nayo humlinganisha kila mchezaji na wachezaji wa zamani waliofanana naye kwa umri, umbo na mwenendo. Ipo pia ZiPS ya Dan Szymborski. Zote, hata hivyo, zinasimama juu ya nguzo zilezile za misimu kadhaa, wastani na umri.

Kinachobaki ni kugawa muda wa kucheza, kazi inayodai subira kuliko hesabu, kisha kujumlisha mikimbio. Kwa kipimo cha jumla, mikimbio 10 ya ziada katika msimu mzima huleta takriban ushindi mmoja. Timu iliyoundwa na wachezaji wa akiba watupu, wa aina ambayo klabu yoyote inaweza kuwapata kwa mshahara wa chini kabisa, hukadiriwa kushinda mechi kama 48, na kila mchezaji mzuri unayemwongeza hupandisha hesabu kutoka hapo. Kompyuta huichezesha ratiba nzima maelfu ya mara, na wastani wa michezo hiyo yote ndio namba unayoiona gazetini.

Mimi ni mama wa Kikenya ninayeishi Toronto, na wanangu ni mashabiki wa Blue Jays. Mwaka 2024 timu yetu ilishika mkia katika kundi lake. Mwaka 2025 ilikosa ubingwa wa dunia kwa tundu la sindano. Kama hesabu zenu ni nzuri, kwa nini hazikuliona hilo? — Mama wa Toronto

Mama, swali lako ni la haki. Kwanza nikumbushe kilichotokea, kwa faida ya wengine. Blue Jays walishinda mechi 74 mwaka 2024 na kupoteza 88. Mwaka 2025 walishinda 94, sawa kabisa na New York Yankees, wakapewa uongozi wa kundi kwa kuwa walikuwa wamewashinda Yankees mara nyingi zaidi walipokutana. Kisha wakafika mechi ya saba ya fainali, nyumbani kwao, tarehe 1 Novemba, na Los Angeles Dodgers wakawafunga 5 kwa 4 katika ngwe ya 11.

Kuna sehemu ambayo hesabu ziliiona. Timu hii ilikuwa imeshinda mechi 91 mwaka 2021, mechi 92 mwaka 2022 na mechi 89 mwaka 2023. Mtu anayetazama misimu kadhaa badala ya mmoja hakuweza kuamini kwamba Vladimir Guerrero Jr. na wenzake walikuwa wamegeuka ghafla kuwa timu ya mkiani, na ndiyo sababu makadirio ya kabla ya msimu wa 2025 yaliwarudisha katikati, karibu na nusu ya mechi, juu kabisa ya pale msimamo ulipowaacha. Bo Bichette alikuwa amecheza nusu tu ya msimu wa 2024 kwa sababu ya majeraha, tena kwa kiwango kisichokuwa chake, kwa hiyo kurudi kwake kulitarajiwa.

Sehemu ambayo hesabu hazikuiona ni George Springer. Mpigaji wa miaka 35 ambaye misimu yake miwili ya nyuma ilikuwa ikididimia hupunguzwa na kila kanuni niliyoitaja, na katika wazee kumi wa namna hiyo, pengine tisa huendelea kushuka. Yeye alipanda. Tena timu nzima ilijifunza kuugusa mpira: msimu huo hakuna timu katika ligi iliyokuwa na wapigaji wanaotolewa bila kuugusa kwa uchache kama wao. Mabadiliko ya mafunzo yanayotokea ndani ya klabu wakati wa baridi hayaonekani katika takwimu za mwaka uliopita.

Sehemu ya mwisho ni bahati, nami sioni aibu kuitaja. Mpe mwanao sarafu airushe mara 162 na kuhesabu vichwa. Katika majaribio kama saba kati ya kumi, idadi ya vichwa itaangukia kati ya 75 na 87. Sasa fikiria ligi ambayo timu zote 30 zina uwezo sawasawa kabisa, kila mechi ikiwa sarafu. Mwisho wa msimu, timu ya juu ingekuwa na ushindi kama 94 na ya chini kama 68, na magazeti yangeandika makala ndefu kueleza ubora wa ile ya kwanza. Sisemi kwamba Blue Jays walikuwa sarafu. Kikosi kile kilicheza besiboli safi, na aliyekitazama Oktoba hatakisahau. Ninachotaka wanao wajue ni kwamba namba ya makadirio ina upana wa karibu mechi 8 au 9 kila upande, na mtabiri anayekupa namba bila kukutajia upana huo amekunyima nusu ya jibu.

Kwa nini makadirio hayampi mtu yeyote ushindi 110, ilhali timu hufikia idadi hiyo? Naona ni woga. — Msomaji, Zanzibar

Ndugu yangu, si woga. Namba ya makadirio ni wastani wa maelfu ya misimu iliyochezwa na kompyuta, na wastani daima huwa karibu na katikati kuliko msimu mmoja halisi. Mtabiri anajua fika kwamba katika timu 30 pengine mbili au tatu zitavuka ushindi 100 na nyingine zitapoteza mechi 100. Asichojua ni zipi. Seattle Mariners wa 2001 walishinda mechi 116 baada ya kumpoteza Alex Rodriguez, aliyehamia Texas, na kabla yake Ken Griffey Jr. na Randy Johnson. Mtu ambaye angetabiri ushindi 116 kwa timu iliyopoteza nyota watatu ndani ya miaka mitatu angekuwa sahihi mwaka ule tu, na njia yake ingemwangusha miaka mingine yote. Upande wa pili, Chicago White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, idadi kubwa kuliko zote tangu mwaka 1901. Mikimbio yao, 507 waliyofunga kwa 813 waliyoruhusu, ilistahili ushindi 45 badala ya 41 walioupata, kwa hiyo hata katika ubovu ule mlikuwa na mkosi kidogo. Mwaka 2025 walishinda 60, nayo bado ni timu dhaifu.

Hapa Uganda vijana wetu wanacheza besiboli kwa bidii, na baadhi yao wamesajiliwa Marekani. Mchezaji ambaye hajawahi kucheza ligi kuu huingizwaje katika makadirio? — Msomaji, Kampala

Ndugu yangu, Uganda ina haki ya kujivuna. Timu ya watoto ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers waliwasajili vijana wa Uganda katika mfumo wao wa mafunzo. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh Pirates.

Kila klabu kubwa ina ngazi kadhaa za timu ndogo chini yake, na takwimu za kila ngazi hupunguzwa kwa kiwango kilichotokana na wachezaji wengi waliopanda ngazi hiyo zamani. Mpigaji anayetamba katika ngazi iliyo chini kidogo ya ligi kuu hupunguzwa kidogo. Anayetamba ngazi nne chini hupunguzwa sana, na upana wa makosa juu yake huwa mkubwa mno. Umri nao huhesabiwa kwa uzito: kijana wa miaka 20 anayefanya vizuri dhidi ya watu wa miaka 25 ana thamani kubwa kuliko mtu wa miaka 26 mwenye takwimu zilezile. Wanaotoka Japani hupimwa kwa njia hiyohiyo. Ichiro Suzuki alipokuja Seattle mwaka 2001 alikuwa ameongoza kwa upigaji katika ligi yake ya Japani misimu saba mfululizo, lakini wengi walitilia shaka kama mpigaji kutoka huko angewamudu warushaji wa Marekani, na yeye akashinda tuzo ya mgeni bora na ya mchezaji bora kwa msimu mmoja. Kijana mmoja wa aina hiyo akifika kabla hajatarajiwa hupindua hesabu ya timu nzima. Nawaombea vijana wa Uganda siku yao.

Ni jambo gani moja linaloharibu makadirio kuliko mengine yote? — Msomaji, Mombasa

Kiwiko cha mrushaji. Mwili wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na ukano wa ndani wa kiwiko huchanika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kuhamisha kano kutoka mahali pengine mwilini na kuipandikiza kiwikoni; John akarudi na kuendelea kucheza hadi mwaka 1989, na upasuaji huo ukabeba jina lake. Ni neema kubwa kwa wachezaji, lakini anayefanyiwa hukaa nje mwaka mmoja au zaidi. Gerrit Cole, mrushaji mkuu wa Yankees, alifanyiwa Machi 2025, siku chache kabla ya msimu, wakati makadirio yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa naye ndani. Hata hivyo Yankees walifikisha ushindi 94, jambo linaloonyesha kwamba mchezaji mmoja, hata awe bora kiasi gani, huchangia ushindi wachache tu katika 162.

Kwa sababu hiyo mimi hutazama warushaji wa sita, wa saba na wa nane wa kila timu kabla ya kumtazama wa kwanza. Timu huanza msimu na warushaji watano wa kuanzisha mechi, na ni nadra sana watano hao kufika Septemba wote wakiwa wazima. Dodgers wa 2025 walikaa miezi mingi bila Blake Snell, Tyler Glasnow na Roki Sasaki, na Shohei Ohtani hakurusha mpira hadi Juni kwa sababu ya upasuaji wake wa mwaka 2023. Walishinda mechi 93, pungufu ya walivyotarajiwa, lakini klabu nyingine yoyote ingekuwa imezama.

Vijana wengi mtaani kwetu sasa wanaweka mechi za besiboli kwenye mikeka, kwa kuwa huchezwa usiku wakati hakuna soka. Mdogo wangu anasema makadirio haya yatamtajirisha. Nimwambie nini? — Msomaji, Nairobi

Dada yangu, mwambie ukweli wa hesabu, bila kumfokea. Makadirio haya yako wazi kwa kila mtu, na wanaopanga bei za kamari wanayo pia, tena wana wataalamu wa kuyaboresha kila siku. Katika mechi ambayo nafasi ni nusu kwa nusu, bei ya haki ni 2.00, yaani kila shilingi inayoshinda hurudi shilingi mbili, lakini yeye atapewa kama 1.91. Ili asipate hasara kwa bei hiyo lazima apatie zaidi ya mara 52 katika kila 100, na kupatia hivyo kwa miaka mfululizo ni kazi inayowashinda hata wanaoifanya kwa taaluma.

Mkeka unaongeza ubaya huo. Akiunganisha mechi tano za bei hiyo, kila mechi inakata sehemu yake, na kwa wastani shilingi 100 anazoweka zitarudi shilingi 79 hivi. Besiboli, kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, hauifai mikeka: timu bora ya msimu hupoteza mechi 60 na ushei, na timu ya mkiani huishinda timu ya juu mara kwa mara bila mtu kushangaa. Yale makadirio yanayofaa kwa mechi 162 hayasemi karibu chochote kuhusu mechi ya leo usiku. Dada, ikiwa fedha anazoweka ni za kodi au za ada, tafadhali usingoje. Kaa naye leo, muandike pamoja alichoweka na alichopata kwa miezi mitatu iliyopita, namba zake mwenyewe zimweleze.

Basi niambie kwa ufupi: nani atachukua ubingwa? — Msomaji, Muscat

Dodgers wamechukua mwaka 2024 na 2025, na mtu akinilazimisha nitaje timu moja, nitawataja wao. Lakini nisikilize kaka, kwa kuwa jibu hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kosa. Tuseme timu ni bora kiasi cha kushinda mechi 55 katika kila 100 dhidi ya wapinzani wa Oktoba, na tuseme imeruka raundi ya kwanza kwa sababu ya nafasi yake katika msimamo. Raundi inayofuata ni ya mechi tano, na mbili za mwisho ni za mechi saba. Timu hiyo itavuka zote tatu mara 22 katika 100. Katika kila misimu mitano, bora wa wote anabeba kombe mara moja.

Dodgers haohao walishinda mechi 111 mwaka 2022 na kutolewa na San Diego Padres wenye ushindi 89. Mwaka 2023 Arizona Diamondbacks, waliokuwa wameruhusu mikimbio mingi kuliko waliyofunga msimu mzima, walifika fainali. Mwaka 2025 Milwaukee Brewers waliongoza ligi nzima kwa ushindi 97, wakawafunga Dodgers mara zote sita walizokutana katika msimu wa kawaida, kisha Oktoba wakafungwa nao mara nne mfululizo. Na kule Toronto, ngwe ya tisa ya mechi ya saba, Blue Jays walikuwa na watu katika vituo vyote vitatu, mmoja tu ametolewa, wakihitaji mkimbio mmoja kuwa mabingwa. Mpira ulipigwa chini, ukadakwa na kurushwa nyumbani, na mkimbiaji akachelewa kwa unene wa kiatu.

Msimu ukianza, nitazame nini ili nijue kama makadirio yalikosea? — Msomaji, Dar es Salaam

Mechi za maandalizi za Februari na Machi kule Florida na Arizona usizihesabu kabisa, kwa kuwa makocha hutumia mechi hizo kujaribu vijana na kuwapumzisha wakongwe. Aprili nayo usiifuate kwa msimamo. Tazama kwanza tofauti ya mikimbio, kisha tazama ni mara ngapi warushaji wa timu wanawatoa wapigaji bila mpira kuguswa, kwa maana jambo hilo hutulia mapema kuliko mengine na halitegemei mahali mpira ulipoangukia. Ikiwa unafuatilia Colorado Rockies, kumbuka kwamba uwanja wao wa Denver uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mpira husafiri mbali zaidi katika hewa nyepesi, kwa hiyo mikimbio ya pale lazima ipunguzwe kabla hujailinganisha na ya kwingine.

Mwaka 2019, mechi 50 zilipokuwa zimekwisha, Washington Nationals walikuwa na ushindi 19 na vipigo 31, na wengi walidai kocha afukuzwe. Makadirio ya kabla ya msimu yalikuwa yamewaweka miongoni mwa timu nzuri, na warushaji wao wakuu, Max Scherzer, Stephen Strasburg na Patrick Corbin, walikuwa bado wazima. Walimaliza na ushindi 93. Oktoba walikutana na Houston Astros katika fainali ya mechi saba, wakashinda nne, zote nne wakiwa ugenini.